Maskini Atatoa Nini? Mafundisho ya Mzee Mmoja juu ya Fedha, Sadaka na Furaha



Wapenzi wakatekumeni, katika Kwaresima iliyopita tulikuwa tukijifunza habari za kazi tatu ambazo Mama Kanisa hutuagiza katika siku zile arobaini, yaani sala, mfungo na sadaka. Nilipokwisha kueleza, mkatekumeni mmoja aliinua mkono akasema: "Mwalimu, sala naifahamu. Mfungo naujua kuliko wewe, maana nyumbani kwangu tunafunga hata Kwaresima isipofika. Lakini sadaka, mimi nitatoa nini? Tajiri na atoe. Mimi ni mtu wa kupewa."

Wenzake walicheka, lakini yeye hakufanya mzaha. Mtu huyu ana watoto watano, na mwaka ule mihogo yake ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa majani. Nilimjibu kwa yale niliyofundishwa. Nilimsimulia habari ya mjane maskini ambaye Bwana wetu alimwona hekaluni akitia sarafu mbili ndogo katika sanduku la sadaka, akamsifu kuliko matajiri waliotia nyingi. Akaitika, "Ndiyo, Mwalimu," akaketi. Lakini nilitambua usoni mwake kwamba jibu langu halikumshibisha.

Na niseme kweli, halikunishibisha hata mimi. Mwezi ule minervali ya mwanangu wa kwanza, aliye katika shule ya sekondari, ilikuwa haijalipwa. Nilikuwa na deni dukani. Dominika mbili mfululizo kikapu cha sadaka kilipita mbele yangu, nami nikageuza macho upande kana kwamba natafuta mtu. Basi mwalimu aliyefundisha sadaka alikuwa yeye mwenyewe akiikimbia.

Kwa sababu hiyo nilikwenda kumwuliza mzee mmoja wa shirika letu, ambaye nyumba yake iko karibu na ziwa la Tanganyika. Zamani alikuwa mchuuzi wa ndagala. Siku hizi nguvu zimepungua, naye hukaa chini ya mwembe akishona nyavu za vijana. Watu wa kijiji humpenda, na mara nyingi nilijiuliza kwa nini mtu asiye na kitu huonekana mwenye furaha kupita wengi. Alinipa ruhusa kuandika maneno yake katika gazeti letu, ila alinikataza kulitaja jina lake.

1. Fedha ni kitu gani?

Nilipomweleza swali la mkatekumeni, hakunijibu upesi. Alivuta uzi wake, akafunga fundo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, wewe unayefundisha watoto hesabu, niambie, fedha ni kitu gani?"

Nilimwambia kwamba fedha ni kitu cha kununulia vitu. Akasema: "Umesema kazi yake, hujasema asili yake. Sikiliza. Babu zetu waliona misalaba ya shaba ya Katanga. Mtu aliyekuwa nayo aliweza kuoa. Waliona pia shanga zilizokuwa zikipokelewa sokoni kandokando ya ziwa hili. Leo ukimpelekea mama wa sokoni shanga hizo akupe unga, atakucheka. Shanga hazikubadilika. Ni watu waliobadilika, wameacha kuziamini. Basi fedha ni imani ya watu iliyowekwa katika kitu. Siku watu wakiondoa imani yao, unabaki na kitu kitupu."

Neno hilo lilinikumbusha hesabu ambayo nimewahi kuwapa wanafunzi wangu ubaoni, na ninyi mwaweza kuifanya. Mwaka 1967 nchi yetu iliacha faranga ikaanza kutumia zaire. Faranga 1,000 za zamani zikawa zaire 1. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, na kila moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikarudi faranga, yaani faranga ya Kongo tunayoitumia hata leo, na kila faranga 1 ilipokewa kwa zaire mpya 100,000. Zidisheni: 3,000,000 mara 100,000. Mtapata 300,000,000,000, yaani bilioni 300. Mtu aliyeficha zaire bilioni 300 za kwanza, akazisahau mpaka mwaka 1998, angeamka na faranga 1 tu. Na mwaka 1967 zaire 1 peke yake ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani!

Hatusemi kwamba fedha ni kitu kibaya. Jembe si baya, mtumbwi si mbaya. Lakini mtu mwenye akili hajengi nyumba yake juu ya mtumbwi.

2. Kopo chini ya kitanda

Kisha mzee akanisimulia habari za maisha yake.

Mwaka 1964, vita ya waasi ilipofika Albertville, mji ambao leo tunauita Kalemie, yeye alikuwa kijana mdogo. Wazazi wake walikimbia naye porini. Huko aliona njaa. Aliona mama yake akiomba chakula kwa watu wasiomjua, na wengine wakimfukuza. "Siku ile," aliniambia, "niliapa moyoni kwamba mimi sitaomba kamwe. Watu husema choyo ni kupenda fedha. Mimi sikupenda fedha, Mwalimu. Niliogopa. Choyo changu kilizaliwa na woga."

Alipokuwa mtu mzima alianza kununua ndagala kavu kwa wavuvi na kuzipeleka Lubumbashi kwa gari la moshi. Alifanya kazi kwa bidii, wala hakunywa pombe. Kila safari alileta noti za zaire 5 na za zaire 10, akazitia katika kopo la maziwa, akalifukia chini ya kitanda chake. Hata mke wake hakujua hesabu yake. Usiku alikuwa akiamka kusikiliza kama panya wanachimba. Wahenga walisema: akiba haiozi. Naye aliyaamini maneno hayo kuliko alivyoamini Nasadiki anayoisali Dominika.

Siku moja jioni mama mmoja mjane, jirani yake, alifika mlangoni. Mtoto wake alikuwa ameshikwa na homa kali, naye alihitaji fedha kidogo ya kumpeleka dispansari. Alisema atailipa wakati wa mavuno. Mzee, akisimama hatua tatu kutoka kwa kopo lile, alijibu neno moja: "Sina."

"Unajua aliniambia nini?" mzee akaniuliza. "Aliniambia, 'Asante, baba.' Kisha akaenda zake. Hakunilaani wala hakunong'ona. Wavuvi waliokuwa pwani wakachanga, kila mmoja kidogo, wakambeba mtoto, naye akapona. Mimi nilifurahi kwamba mtoto amepona, na nilifurahi zaidi kwamba fedha yangu haikuguswa. Ndipo nilipofikia. Mtu aweza kufika mahali pabaya sana bila kuona kwamba ametoka nyumbani."

Halafu ikafika Noeli ya mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba ilitangazwa nchini pote kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Walio mjini karibu na banki walipanga mstari. Walio vijijini, wengi wao habari iliwakuta wamechelewa. Mzee alifukua kopo lake, akasafiri mpaka Kalemie, akasimama katika mstari pamoja na umati wa watu. Siku zikaisha kabla zamu yake haijafika. Alirudi nyumbani na kopo lake likiwa limejaa kama lilivyokuwa, lakini sasa lilijaa karatasi. Akiba iliyosemwa kwamba haiozi ilikuwa imeoza usiku mmoja.

3. Kikapu cha mihogo

Alikaa ndani siku nyingi bila kutoka. Safari za biashara zilikoma, kwa kuwa hakuwa na mtaji. Chakula kikapungua. Woga wake wa tangu mwaka 1964 ukamkuta mlangoni.

Asubuhi moja alisikia mtu akibisha hodi. Alikuwa yule mama mjane. Juu ya kichwa chake palikuwa na kikapu cha mihogo, na juu ya mihogo furushi la majani ya sombe. Alikishusha, akasema: "Baba, mwaka huu shamba langu limenipa. Pokeeni." Kisha akaenda kulima.

Mzee alinyamaza kidogo alipofika hapo, akaweka wavu chini. "Mwalimu," alisema, "nilimwambia 'sina' nikiwa nacho. Siku ile neno langu likawa kweli. Nilikuwa sina. Na yule niliyemnyima ndiye aliyenipa. Nilikula mihogo ile na machozi, na tangu siku hiyo sijaogopa tena kama nilivyoogopa zamani."

Wapenzi wakatekumeni, hapa mimi nilidhani nimepata fundisho, nikaharakisha kulisema. Nikasema: "Nimeelewa, Baba. Tuwape wengine, ili siku ya shida nasi tupewe. Fedha huoza, lakini wema ni akiba isiyooza."

Mzee akacheka sana. "Mwanangu, hapo ungali mchuuzi kama mimi nilivyokuwa! Umebadilisha kopo tu. Zamani niliweka akiba katika kopo; wewe unataka kuiweka katika matumbo ya jirani zako, ukaidai siku ya njaa. Angalia vizuri. Mama yule alinilipa deni gani? Nilimpa 'sina', akanipa mihogo. Ukiitia habari hii katika mizani ya soko, mizani itavunjika."

Maneno hayo yalinikaa moyoni siku nyingi, na sasa nawaelezeni kama nilivyoyafahamu.

Kuna kutoa kwa namna ya biashara. Ninakupa leo, nawe utanipa kesho. Namna hii si mbaya. Katika likelemba kila mtu hutoa fungu lake kwa zamu, na kila mtu hupokea kwa zamu. Mama wengi wamesomesha watoto kwa njia hiyo, na anayekula zamu yake kisha akaacha kutoa hutenda dhambi juu ya amri ya saba. Lakini likelemba ni mapatano na haki; siyo sadaka.

Kuna kutoa kwa namna ya kiburi. Mzee mwenyewe alikiri kwamba miaka ya baadaye, biashara ilipoamka tena kidogo, alitoa mabati kumi kwa ajili ya kapela. Dominika ile jina lake halikutajwa mbele ya watu, naye akakasirika, hata akakaa wiki mbili bila kufika Misa. "Nilitoa mabati," alisema, "lakini nilitaka yanirudie yakiwa sifa. Basi sikutoa kitu. Niliuza."

Na kuna kutoa kwa upendo. Anayetoa hivyo hatazami nyuma kuona kama atalipwa, kwa sababu anajua kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupokea. Nani kati yetu alilipia kuzaliwa kwake? Nani alinunua mvua? Nani alimlipa mama yake maziwa aliyomnyonyesha? Na sisi tunaojitayarisha kwa ubatizo, tunafahamu kipaji kingine kilicho kikubwa kuliko hivyo vyote: Mwana wa Mungu alijitoa kwa ajili yetu tulipokuwa wakosefu, tusiokuwa na kitu cha kumrudishia. Tulimwambia "sina", naye akatuletea uzima. Yule mama mjane, aliyejua sala chache tu, alifanya mlangoni kwa jirani yake kile ambacho Mungu ametufanyia sisi sote.

Hiyo ndiyo sababu Mtume Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso mafundisho ya Bwana, kwamba anayetoa ana heri kubwa kuliko anayepokea. Heri hiyo si ujira unaokuja baadaye peke yake. Huanza pale pale, kwa kuwa mtu anayetoa kwa upendo ameachiliwa huru kutoka katika woga wake. Mikono iliyokunjwa ngumi haiwezi kunyang'anywa kwa urahisi, ni kweli. Lakini pia haiwezi kupokea kitu, wala kushika mkono wa mtu.

4. Haki kwanza, sadaka baadaye

Pengine mtasema: basi na tugawe vyote tulivyo navyo leo, tuwe na furaha. Ngojeni. Mzee aliniambia jambo lingine ambalo twalisahau mara nyingi.

Baada ya kula mihogo ile, alitaka kuanza kuwapa watu vitu. Lakini usiku mmoja aliwakumbuka vijana wanne waliokuwa wakimbebea magunia ya ndagala hadi stesheni. Miaka mingi aliwapunja ujira. Walipodai, aliwaambia kwamba bei ya Lubumbashi imeshuka, hali haikushuka. Akajiuliza: "Nitampaje maskini kitu ambacho ni mali ya mtu mwingine?" Mnamkumbuka Zakayo, mtoza ushuru. Bwana wetu alipoingia nyumbani mwake, hakuahidi sadaka peke yake. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Ilimchukua mzee miaka mingi kuwatafuta vijana wale. Wawili aliwakuta hai. Wawili walikuwa wamekufa, akawatafuta watoto wao. Lakini angewalipaje? Fedha ya zamani ilikuwa imekufa, na mpya zilizoifuata zilikuwa zikififia kila mwezi. Akafanya hesabu kwa vikapu vya ndagala: kijana huyu nilimpunja vikapu kadha, huyu kadha. Akawalipa kwa vikapu. "Noti hubadilika," alisema, "lakini kikapu cha samaki ni kikapu cha samaki, na jasho la mtu ni jasho la mtu."

Shikeni fundisho hilo. Mtu asiyelipa mfanyakazi wake, kisha akaleta kuku kanisani, anamletea Mungu kuku wa mtu mwingine. Mtu anayewaacha watoto wake bila chakula ili asifiwe na wageni hajatoa sadaka. Mkulima hali mbegu zake, wala hazigawi zote. Akizigawa, mwaka ujao ataongeza idadi ya wenye njaa. Kuweka akiba kwa ajili ya shule, ugonjwa na kupanda si choyo. Choyo huanza pale ambapo akiba inatufundisha kusema uongo, kama vile neno lile "sina".

Vilevile si kila aombaye apewe fedha. Mlevi aombaye bei ya chupa, umpe chakula na shauri jema. Na tusitumie mafundisho haya kumnyamazisha maskini, tukimwambia kwamba umaskini wake ni heri, huku sisi tukila kwa kushiba. Njaa ya mtoto si jambo jema mbele ya Mungu. Siku ya mwisho Bwana atatuuliza kwa nini tulimwacha na njaa.

Nilimwuliza mzee kama hekima hii lazima ipatikane kwa kupoteza, kama yeye. Akatikisa kichwa. Alikuwa amesikia katika redio habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Mwenye Heri huyo alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani, na nje ya kazi aliwasaidia watoto wa barabarani. Watu walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kikauzwe. Alikataa, kwa sababu watu wangekula sumu. Mwezi wa Julai mwaka 2007 wakamkamata wakamwua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Roma.

"Kijana yule," mzee alisema, "alijua akiwa na miaka 26 jambo ambalo mimi nililijua kwa kupoteza kopo zima. Wote wawili tuliwekwa mbele ya fedha na uhai wa mtu. Mimi nilichagua fedha, na mtoto wa jirani akapona kwa mikono ya wengine. Yeye alichagua watu asiowajua, akatoa uhai wake. Basi usiwaambie wakatekumeni wako wangoje uzee."

5. Jibu kwa mkatekumeni

Nilipokuwa nikiaga, nilimkumbusha kwamba hajanijibu swali nililoleta: maskini atatoa nini?

Akasema: "Mtu huyo amekuuliza vibaya, nawe ulimjibu vibaya. Alihesabu vitu vyake, akaona havitoshi. Ulimwambia basi ahesabu tena, atoe hata kidogo. Mwambie aache kwanza kuhesabu vitu, atazame watu. Akimwona mtu, ataona pia kitu cha kumpa. Mama mjane hakuanza kwa kuuliza ana mihogo mingapi. Alianza kwa kuona kwamba mlango wangu haufunguliwi."

Nilirudi darasani Dominika iliyofuata, nikawasimulia wakatekumeni habari hizi zote. Yule aliyeuliza alisikiliza kimya. Ndipo mama mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, mbona huyu anasema yeye ni mtu wa kupewa? Upepo ulipong'oa nyumba yangu mwezi wa pili, nani alikuja kukata nyasi na kuniezekea siku mbili, asikubali hata kunywa uji wangu? Si yeye?" Mtu yule aliona haya. Akasema: "Kumbe ile nayo ni sadaka? Mimi nilifikiri ni ujirani tu."

Wapenzi wakatekumeni, sijapata kusikia jibu lililo zuri kuliko hilo. Alikuwa amekwisha kutoa, wala hakujua kwamba ametoa. Bwana wetu alitufundisha kwamba hata waadilifu siku ile ya hukumu watashangaa, watauliza ni lini walimlisha na kumvika. Wahenga wetu nao walisema: kutoa ni moyo, si utajiri.

Nami, kwa kuwa niliungama kosa langu mbele yenu, ni haki niseme pia jinsi nilivyoanza kulitengeneza. Nilikwenda dukani kwa yule anayenidai, tukapatana nilipe kidogo kila mwezi. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba siku za kumalizia minervali, nilizokuwa naona haya kuziomba. Kumbe haya yangu nayo ilikuwa namna ya woga, nisionekane mwenye shida. Dominika iliyofuata, kikapu kilipofika, nilitia noti ya faranga 500. Ni kitu kidogo, haijengi kapela. Lakini sikugeuza macho upande, na nilimwona mtu aliyekishika kikapu, tukasalimiana.

Maswali ya kujiuliza jioni

Kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize kimya mbele ya Mungu:

Je, kuna mtu niliyemwambia "sina" nikiwa nacho?

Je, kuna mtu ambaye jasho lake sijalilipa?

Je, nilipotoa, nilingoja sifa au malipo, nikaudhika nilipokosa?

Je, mlango wa jirani yangu gani haukufunguliwa leo, nami nikapita?

Kisha tusali pamoja hivi: Ee Baba, umetupa vyote kabla hatujaomba. Utuondolee woga unaotufunga mikono. Utujalie tuwalipe tunaowadhulumu, tuwaone walio karibu nasi, na tutoe kwa moyo mweupe, kama Mwanao alivyojitoa kwa ajili yetu. Amina.